Kiti Kilichokuwa na Joto

Mashine ya kusaga ya Bibi Kandida Ngonyani ilikuwa imeshaambiwa "saga" mara tisa asubuhi ile, na mara zote tisa iliitika bila ubishi. Mara ya kumi Bibi alifungua kinywa, akaona gari la jeshi linasimama mlangoni, neno likamkwama.

Alishuka binti mwenye nyota mbili begani. Kwapani amebana kitu cha kijivu, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Kina mama waliokuwa kwenye foleni na madebe yao wakaacha mazungumzo papo hapo, maana kopo lile lilijulikana. Lilikuwa Msomaji. Ndilo lililosahihisha insha za watoto shuleni, ndilo lililosoma wosia wa marehemu na kuwaambia ndugu alikusudia nini, na tangu vita viishe ndilo lililokaa mezani katika Baraza la Vita.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Luteni Nuru Shemdoe."

"Marahaba, mwanangu. Kama umeleta mahindi, foleni inaanzia kule."

Wanawake wawili walicheka kidogo. Luteni hakucheka.

"Nimeleta tafsiri ya shairi la Benno."

Bibi Kandida akajifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja, kama mtu asiye na haraka. Kifuani mambo yalikuwa mengine. Benno ni mjukuu wake, aliyemlea tangu hajaota meno, na sasa mwezi wa pili yumo mahabusu ya jeshi hapo Songea, hasemi kitu. Wakimuuliza habari za kivuko cha Nambogo anajibu maneno mawili tu: someni shairi.

"Lisomwe hapa au ndani?" Luteni aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapa hapa. Hawa wote wamempakata."

Luteni akaweka Msomaji juu ya gunia la pumba. Kopo likasoma, kwa sauti iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi:

*Nilikaa kwenye kiti, joto bado halijesha,*
*Kikaniuliza eti: je, moto nitauwasha?*
*Kule mtoni umati, ndoo wanazivukisha,*
*Ni mimi niliyejibu, nguo zangu nivueni.*

*Nikageuka kwa nyuma, mwenzangu yu mlangoni,*
*Hakuniambia koma, wala inuka kitini,*
*Mkono ukatetema, neno likatoka ndani,*
*Ni mimi niliyejibu, nguo zangu nivueni.*

Ulikuwapo ubeti wa tatu, lakini Bibi hakuusikia. Masikio yalikuwa yameziba.

"Tafsiri," likasema kopo. "Mtunzi anakiri. Mtunzi ndiye aliyetoa ndiyo katika kivuko cha Nambogo. Mwenzake, Tito Kikoti, alikuwa mlangoni. Joto la kiti ni sitiari ya hofu. Mtunzi anaomba avuliwe sare. Uhakika: tisini na saba kwa mia."

Kila mtu aliijua Nambogo. Vita vile vilipiganwa na nyuki, mashine ndogo za kuruka zenye moto tumboni, na Shirikisho lilijivunia sheria moja: nyuki haumi mpaka binadamu aseme ndiyo. Kila kundi la nyuki likajengewa kibanda, na kila kibanda kikawa na kiti kimoja na askari wawili wa kupokezana. Anayekaa kitini ndiye anayeulizwa. Akisema hapana, au akiinuka, swali linahamia kwa mwenzake. Pale Nambogo mmoja wao alisema ndiyo, na watu arobaini na mmoja waliokuwa wanavuka mto na ndoo za maji hawakufika ng'ambo. Wiki hiyohiyo kibanda kililipuliwa. Kumbukumbu zote ziliteketea, na Tito akafia humo. Benno alipona kwa kuwa alikuwa amekwenda kuchukua chakula.

"Na adhabu yake?" Bibi aliuliza, ingawa alijua.

"Kuzimwa sauti, bibi. Maisha."

Bibi aligeuza macho nje. Penye pampu ya maji alikuwa amesimama Longinus, mtu mzima mwenye ndevu, ndoo miguuni. Alikuwa mkubwa wa ghala zamani, akasema uongo kwenye kesi nzito. Tangu siku ile hakuna mashine katika nchi inayomsikia. Akiiambia pampu "maji", kimya. Akiuambia mlango wa zahanati "fungua", kimya. Treni haimpakii, taa haimwakii. Kila asubuhi husimama pale akingoja mtu mwenye huruma apite amsemee. Wakati mwingine anangoja mpaka saa sita.

"Maji!" Bibi alipaza sauti kutoka mlangoni. Pampu ikaanza kumwaga. Longinus akainua mkono bila kugeuka, kama afanyavyo siku zote.

"Baraza linakaa kesho kutwa," Luteni alisema. "Familia ina haki ya kiti cha pingamizi. Ukikaa pale, Baraza haliwezi kukuruka. Lakini uwe na mstari, bibi. Mstari mmoja ambao Msomaji ameukosea. Machozi hayaoni."

Alipoondoka, miguu ya Bibi ilikataa. Mama Zamda, aliyekuwa anangojea unga wake, akanyanyuka haraka kwenye kigoda na kumsukumia. Bibi akakaa.

Akashtuka, akainuka tena.

"Kuna nini, bibi? Kuna msumari?"

Bibi aliweka kiganja juu ya kigoda. Ubao ulikuwa na joto la Mama Zamda.

Aliingia ndani, akafungua kopo la chumvi alimohifadhi karatasi ya shairi, kwa mkono wa Benno. Yeye aliishia darasa la nne, husoma kwa kidole na hapiti neno mpaka limemjibu. Kidole kikakaa juu ya mstari wa kwanza muda mrefu. Kiti hakipati joto peke yake. Anayesema katika shairi hili alikaa mahali ambapo mtu mwingine alikuwa ametoka kuinuka sasa hivi.

Basi wa kwanza alikuwa nani?

*

Mahabusu walimpa robo saa. Benno aliletwa akiwa amekonda, shati linaning'inia. Alipomwona bibi yake alishika sikio la kushoto na kulivuta, tabia yake tangu utotoni akiwa anatafuta la kusema.

"Shikamoo, Bibi. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu upo. Benno, nani alikipasha kiti joto?"

Mkono ukaganda sikioni.

"Bibi, usiulize."

"Nimeshauliza."

Alitazama mlango, akatazama meza. "Ungekuja matangani kwa Tito, Iringa, ungejua. Ulikuwa unaumwa. Mimi nilikwenda. Nilimvaa Tito."

Hapo Bibi akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtia baridi. Wao ni Wangoni, Tito alikuwa Mhehe. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na katika kuchoka kule ukazaliwa utani. Mhehe akifa, mtani wake Mngoni huja msibani, huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, hukohoa kama yeye, na kusema "mimi" kana kwamba ndiye. Mimi nilikuwa mchoyo wa nyama. Mimi nilimkimbia mke wangu wa kwanza. Yale ambayo ndugu wanayaonea haya, mtani huyasema, watu wakacheka na kulia pamoja, na marehemu akaenda akiwa mwepesi. Akimaliza husema: nguo zangu nivueni. Hapo mwenye msiba humvua.

Waliomlisha Msomaji walimlisha vitabu. Matanga hayakuandikwa popote.

"Kwa hiyo 'mimi' wa shairi ni Tito," alisema taratibu.

"Niliyasema yote kule matangani, Bibi. Alivyochechemea, alivyokuwa anaiba sukari ya jeshi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikafika kwenye kiti. Nikashindwa. Nikasema nivueni kabla sijamaliza. Nikarudi kambini, nikaona nimemwacha na mzigo mabegani. Nikaandika kilichobaki."

"Na wewe ukakubali wausome kama wako."

"Ni wangu pia!" Askari wa mlangoni aligeuka. Benno akashusha sauti. "Mimi ndiye niliyekuwa kitini kwanza. Niliulizwa mimi. Unajua kiti kile, Bibi? Ukikaa kimya, kinakungoja wewe. Hakimwulizi mwingine. Nyuki wanazunguka tu angani mpaka betri ziwaishie, wanarudi. Dakika arobaini. Ningekaa dakika arobaini bila kusema neno, wale watu wangefika nyumbani na maji yao. Lakini afande anapiga kelele sikioni, anasema ni maadui, jibu, jibu. Nikaona mimi si muuaji. Nikainuka. Nikaenda kusimama mlangoni nitazame nje, nikajiona msafi. Nilijua Tito atakaa. Tito alikuwa mwoga wa afande. Nilijua."

Bibi alitaka kumshika mkono, meza ilikuwa pana.

"Nitaliambia Baraza habari ya kiti."

"Ukisema, watamzima Tito."

"Tito amekufa, mwanangu. Atazimwa nini?"

"Nenda kwa mama yake," Benno alisema, akivuta sikio mpaka likawa jekundu. "Nenda ukasikie, kisha useme kama utaweza."

*

Treni ya umeme ilimfikisha Iringa kabla ya adhuhuri. Njia nzima alishika karatasi ndani ya mfuko wa kitenge na kujaribu maneno ya kuanzia. Kila aliloanza nalo lilikuwa baya.

Nyumba ya Agripina Kikoti, mama yake Tito, ilikuwa na mlango wa bluu. Bibi alipobisha, sauti ya kijana ilijibu kutoka ukutani, nzito kidogo, yenye kicheko kwa ndani.

"Karibu. Ni nani mwenzetu?"

Bibi Kandida alilijua tumbo la sauti ile. Tito alikuja likizo nyumbani kwao mara mbili, akala ugali wa watu watatu.

"Mwambie mama ni Ngonyani."

"Mama, ni Ngonyani," ilisema nyumba. "Na dawa ya presha hujanywa, saa sita hii."

"Fungua, ila chunga panya wasiingie wengi," alijibu mwanamke kutoka jikoni.

"Panya wameona mtaa huu haukubaki na mbwa hata mmoja," Bibi akasema akiingia, "wakajua ni salama."

Wangoni hutaniwa kwa kula panya, Wahehe kwa kula mbwa. Agripina alitokea akicheka, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi, akamkumbatia mpaka mifupa ikalia. "Mla panya mkubwa! Msibani hukuja, leo umefuata nini? Wali? Hakuna."

Alipikwa wali. Walipokuwa wanakula, Agripina aliona mgeni wake anavyotazama ukuta.

"Jeshi lilituletea," alisema. "Kila mama wa askari aliyekufa. Walichukua sauti zake zote, simu, barua za kusema, wakaifunza nyumba. Inanisomea saa, inanisomea dawa, ukiipa karatasi inakusomea. Usinitazame hivyo, najua si yeye. Redio naijua ni redio." Akatafuna. "Lakini asubuhi ananiambia, mama, umeamkaje? Nami naamka. Kabla hawajaileta nilikuwa siamki."

Wali ukawa mchanga kinywani mwa Bibi. Sasa alijua kuzimwa kwa aliyekufa kukoje. Sheria ilisema sauti ya mwenye hatia isisikike katika mashine yoyote nchini, na haikubagua walio hai na walio kaburini. Wangekuja na waya zao, waifute nyumba hii mpaka ibaki matofali.

"Wali ni mzuri," alisema. Akainuka. "Treni yangu inaondoka saa tisa."

"Kaa chini, Kandida. Umesafiri kutoka Songea na mguu ule uje unisifie wali? Umeniletea nini?"

"Sijakuletea kitu."

"Mkono wako haujatoka kwenye mfuko tangu uingie. Kijiko umeshika kwa kushoto."

Bibi akatazama mkono wake. Ni kweli. Akatoa karatasi, akaiweka mezani, na kabla hajapata la kusema Agripina alikuwa ameinyanyua.

"Maandishi ya Benno haya. Miwani yangu iko wapi? Ah." Akaiinua karatasi mbele ya jicho dogo la ukutani. "Baba, nisomee."

"Agripina, ngoja!"

Lakini nyumba haikungoja.

"*Nilikaa kwenye kiti,*" ilisema sauti ya Tito, "*joto bado halijesha...*"

Bibi Kandida alikuwa amelisoma shairi lile kwa kidole mara zisizo na hesabu, na kopo la kijivu lilikuwa limelisoma mara elfu tisini. Hakuna aliyelisikia mpaka saa ile. Maneno yalikaa katika sauti ya Tito kama mguu katika kiatu chake. Ikaeleza ndoo. Ikaeleza mwenzake mlangoni. Ikafika ubeti wa tatu, bila kubadilisha mwendo, kana kwamba inasoma maelezo ya dawa:

*Ndoo naziona kule, zaelea kwenye maji,*
*Nyekundu na njano ile, zimekosa wachotaji,*
*Hata nilale milele, nitabaki muuaji,*
*Ni mimi niliyejibu, nguo zangu nivueni.*

"Mwisho wa karatasi, mama," ilisema.

Agripina alikaa na karatasi juu, mkono haushuki.

"Pale matangani," alisema hatimaye, "Benno alikaa kwenye kiti, akaganda. Tukangoja kichekesho. Hakikuja. Nilimvua koti la mwanangu... nilimvua koti la Tito nikasikia anatetemeka. Nikasema ni baridi ya Iringa." Akashusha karatasi. "Nani alikipasha kiti joto?"

"Benno."

"Akainuka?"

"Akainuka. Angekaa kimya, wangepona. Ameniambia mwenyewe."

"Na kesho Baraza linamzima yeye kwa neno la Tito."

"Ndiyo."

"Na ukisema wewe, wananizimia huyu."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga, na aliposikia amelisema aliogopa. "Neno hili silitoi bila wewe. Mtoto ni wako. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza."

Agripina alianza kukusanya sahani. Alizigonganisha.

"Utaachwa na treni," alisema.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na viti viwili katikati. Kimoja cha Benno, kimoja cha pingamizi, chenye taa ndogo ya kijani mgongoni. Mezani walikaa wazee watatu wa Baraza na kopo la kijivu. Mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye mashavu ya huzuni, akauliza kama familia inapinga tafsiri.

Saa tatu na robo asubuhi Bibi Kandida alikaa. Taa ikawaka.

"Mpinga tafsiri, una mstari?" Msomaji aliuliza.

Bibi akatazama mlango wa ukumbi. Treni ya kwanza kutoka Iringa ilikuwa imeshafika, aliisikia. Hakuna aliyeingia.

Akanyamaza.

Msomaji alingoja robo saa, kama sheria ilivyo. "Mpinga tafsiri, una mstari?"

Mstari ulikuwa kwenye ulimi. Maneno machache tu yangetosha. Angeyasema, Benno angetoka, na kesho asubuhi Iringa mwanamke angefungua macho nyumba ikiwa kimya. Angeinuka, Benno angekwenda kusimama penye pampu na Longinus. Akatazama miguu ya mjukuu wake sakafuni, na hapo ndipo alipoona kwamba ameketi mahali ambapo Benno aliketi kule Nambogo. Swali linangoja. Mwingine hawezi kuulizwa mpaka huyu ajibu au ainuke.

Basi hataondoka hapa.

Saa nne. Saa tano. Mguu mbaya ulianza kuchoma, kisha ukafa ganzi, jambo lililotisha zaidi. Watu walinong'ona. "Bibi kachanganyikiwa." "Mtoeni huyo, jamani." Benno alikuwa anamtikisia kichwa: inuka, Bibi, inuka. Luteni Nuru alimletea maji kwenye kikombe cha bati, akainama.

"Bibi, kama hakuna mstari, kuinuka si aibu."

"Najua nini ni aibu, mwanangu. Niachie kikombe."

Treni ya pili ilipiga honi saa sita. Mlango haukufunguka. Saa saba Mwenyekiti alitoka kwenda kula, akarudi, akamkuta vilevile, kitenge kimebana magoti. Alikuwa anahitaji choo kwa namna ambayo mtu wa umri wake hapaswi kuivumilia. Akahesabu mbao za sakafu. Akawaza labda Agripina ameshajibu, na kutokuja ndiyo jibu lenyewe. Wazo hilo lilikuja kila Msomaji alipouliza, na kila mara alilikataa kwa shida zaidi.

"Mpinga tafsiri, una mstari?"

Saa tisa kasoro, mlango uligonga ukuta.

"Mnaona Wangoni wanavyong'ang'ania vitu?" alisema Agripina Kikoti, anahema, vumbi mpaka magotini. "Hata kiti cha serikali hawaachi."

Bibi Kandida hakujua kama anacheka au analia. Agripina akamfikia, akanyoosha mkono.

"Nipe sweta lake. Najua umeleta. Wewe ni bibi."

Alikuwa ameleta, la kumfaa Benno huko aendako, maana mahabusu kuna baridi. Agripina akalivaa mbele ya Baraza zima, mikono ikaishia kwenye viwiko.

"Mama, wewe ni nani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mnamzika huyu kijana akiwa hai. Akizikwa Mngoni, Mhehe humvaa. Nimekuja kumvaa."

Msomaji akawaka. "Kifungu hiki hakimo katika niliyosoma."

"Nyamaza upewe shule," Agripina akaliambia, na ukumbini mtu akaangua kicheko. Kisha akashika sikio lake la kushoto, akalivuta, akatembea kwa mabega yaliyopinda, na ndiye Benno kabisa. Hata walinzi walitabasamu. Benno mwenyewe aligeuza uso.

"Mimi Benno," alisema Agripina. "Mimi nalala na soksi zilizotoboka. Mimi nikila kwa watu nasema nimeshiba, kisha naramba sufuria. Mimi nilikaa kitini Nambogo, nikaulizwa. Sikusema ndiyo." Kicheko kikafa. "Nilijua nikikaa kimya wale watu watavuka. Nikainuka. Nikamwachia kiti Tito, mtani wangu, kikiwa na joto langu, nikaenda mlangoni kuwa mtu mwema. Tito akasema ndiyo. Mwanangu... Tito, mwana wa Agripina, ndiye aliyesema ndiyo. Shairi lile ni lake. Nimelisikia kwa sauti yake." Akasimama wima. "Nguo zangu nivueni."

Bibi Kandida akapata sauti yake. "Mstari wa kwanza, Mwenyekiti," alisema. "Joto la kiti si sitiari. Ni joto."

Hakuna aliyekuja kumvua Agripina. Alibaki amesimama na sweta la kubana. Mwishowe Benno aliinuka, walinzi wakamwachia, akamvua mkono mmoja, kisha mwingine.

Baraza lilishauriana mpaka saa kumi na nusu. Mwenyekiti alisoma bila kuinua macho: tafsiri imefutwa. Sauti ya Tito Kikoti izimwe kabla jua halijazama. Kuhusu Benno Ngonyani, sheria inamtambua anayesema ndiyo na anayesema hapana. Kwa anayeinuka, haina kifungu. Aende.

"Aende wapi?" Benno aliuliza. Wazee walikuwa wameshaanza kukusanya karatasi.

Bibi Kandida alipojaribu kutoka kitini, mguu ulikataa kabisa. Ilibidi Agripina na Luteni wamshike huku na huku, wamkimbize chooni.

*

Jumapili iliyofuata walikwenda Iringa, Bibi na mjukuu wake. Mlango wa bluu ulikuwa wazi, umezuiwa na tofali. Ukutani, palipokuwa na lile jicho dogo, pamebaki tundu lililozibwa kwa udongo.

Agripina alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakuamshwa na yeyote. Bibi aliingia, akakaa kwenye mkeka, akavuta ungo kusaidia. Benno alisimama kizingitini.

Maharage yalilia ndani ya ungo.

"Unasimama mlangoni tena?" Agripina alisema bila kumtazama.

Benno akaingia hatua moja.

Agripina akainuka, akakung'uta kanga, akamwonyesha kigoda kwa kidevu. "Kaa."

Alikaa. Bibi Kandida alimwona anavyoshtuka ubao ulipomgusa, anavyokaza mapaja kutaka kusimama, mkono unakwenda sikioni.

"Usiinuke," Agripina alisema.

Akamwekea ungo magotini, akaenda jikoni. Walimsikia anafungua kabati, anafunga, anasimama tu huko. Rafuni mbele yao ilikuwepo chupa ya dawa ya presha, imejaa mpaka shingoni. Bibi aliitazama chupa, akamtazama mjukuu wake. Alingoja.

Benno alichambua punje moja. Akachambua ya pili. Sauti ilipotoka ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba, yenye kukwaruza.

"Mama," aliita kuelekea jikoni. "Saa sita hii. Dawa umekunywa?"

Huko jikoni sufuria likawekwa chini.

"Wewe panya," alisema Agripina, "nani alikwambia unaweza kuniuliza?"

Lakini alikuja, mkono umenyooka, na Benno akamfikishia chupa bila kuinuka.